Endometriosisi na damu yako: mwongozo kamili wa kulinda chembe za damu kwa vyakula vya mimea

Daktari wa upasuaji anapofungua uvimbe wa endometriosisi, ugonjwa wa tishu kama za mfuko wa uzazi kuota nje yake, kwenye ovari, mara nyingi hukuta ndani yake uji mzito wa kahawia, mfano wa chokoleti iliyoyeyuka, na ndiyo maana huitwa uvimbe wa chokoleti. Uji ule ni damu. Imevuja mwezi baada ya mwezi mahali pasipo na mlango wa kutokea, ikakaa, chembe zake nyekundu zikapasuka, na kilichobaki kikashika rangi ya kutu kwa sababu kimejaa madini ya chuma.

Sasa mtoe mwanamke huyohuyo damu mkononi, upime akiba yake ya chuma. Inawezekana kabisa ukakuta iko chini. Chuma kimezidi nyongani, kimepungua mshipani. Hili ndilo lililonisukuma kuandika, maana ushauri mwingi unaosambaa kuhusu antioksidanti, yaani vitu vya kwenye chakula vinavyozikinga chembe na uharibifu, huangalia upande mmoja tu. Dada anaambiwa anywe chai ya kijani asubuhi, mchana na jioni, ameze vidonge vya manjano, kile kiungo cha mchuzi, aache kila chenye chuma, na baada ya miezi michache anahema kwa kupanda ngazi tu. Mwongozo huu unakwenda na pande zote mbili: kuzikinga chembe za damu zisichakazwe, na kuhakikisha mwili una malighafi ya kutengeneza nyingine.

Tuelewane mapema: hakuna chakula wala mmea uliothibitika kuponya endometriosisi. Haya yote yanakwenda sambamba na matibabu ya daktari, hayachukui nafasi yake.

Kinachoichakaza damu

Katika endometriosisi, tishu zinazofanana na ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko huo: kwenye ovari, mirija ya uzazi, utando wa tumbo, na wakati mwingine utumbo au kibofu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hali hii huwapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, yaani watu kama milioni 190. Tishu hizo huitikia homoni, nazo huvuja damu ndani kwa ndani.

Chembe nyekundu moja hubeba karibu molekuli milioni 270 za hemoglobini, na kila molekuli ina atomu 4 za chuma. Chuma kikiwa ndani ya chembe kimefungwa vizuri, kinafanya kazi ya kushika oksijeni. Chembe ikipasuka nje ya mshipa, chuma kinabaki huru, na kikikutana na haidrojeni peroksidi, ambayo mwili huitengeneza kila siku, huzaliwa radikali huru kali mno. Wanakemia huuita mmenyuko wa Fenton. Radikali huru ni molekuli iliyopungukiwa elektroni, kwa hiyo inapora kwa jirani, jirani naye anapora kwa mwenzake, na mnyororo unaendelea hadi apatikane wa kuukata. Mafuta yaliyo kwenye utando wa chembe ndiyo huumia mapema.

Chembe nyekundu iko mahali pabaya katika vita hii. Haina kiini, hivyo haiwezi kujitengenezea protini mpya pale za zamani zinapoharibika. Huishi takriban siku 120 kwa zana ilizozaliwa nazo. Zana hizo ni vimeng'enya kama katalasi na superoksidi dismutasi, kuna glutathioni, na kuna vitamini E iliyojichomeka ndani ya utando wenyewe. Vitamini E ikishatoa elektroni yake kuukata mnyororo, vitamini C huirudishia nguvu ili ifanye kazi tena. Chembe nyeupe nazo hujaza vitamini C kwa kiwango kikubwa mara nyingi kuliko kilichomo kwenye majimaji ya damu, kwa sababu zenyewe hurusha kemikali kali zinapopambana na vijidudu na lazima zijikinge na silaha zao.

Vitamini C mwili wa binadamu hauwezi kuitengeneza. Vitamini E pia hapana. Zote mbili mimea huzitengeneza, na hapo ndipo sahani inapoingia.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kubadilisha chochote

Wengi huruka hatua hii kwa sababu inaonekana haina uhusiano na chakula. Naomba usiiruke. Bila namba za kuanzia hutajua kama unajenga au unabomoa.

Omba picha kamili ya damu, ambayo itakuonyesha hemoglobini pamoja na ukubwa wa chembe nyekundu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, hemoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita huhesabiwa kuwa upungufu wa damu. Omba pia feritini, kipimo cha akiba ya chuma. Mtu anaweza kuwa na hemoglobini nzuri huku ghala lake liko tupu. Anachoka, nywele zinakatika, na kila anayemwona anamwambia ni mawazo tu.

Feritini ina mtego wake. Hupanda mwili ukiwa na uvimbe, yaani mwitikio wa kinga ya mwili (inflamesheni), na endometriosisi ni ugonjwa wa uvimbe wa namna hiyo. Shirika la Afya Duniani huweka mpaka wa upungufu kwenye mikrogramu 15 kwa lita kwa mtu mzima mwenye afya, lakini hupandisha mpaka huo hadi 70 pale ambapo kuna maambukizi au uvimbe. Kwa hiyo ukiambiwa feritini yako ni 40 na kwamba hali ni shwari, uliza kwa upole: je, kipimo cha uvimbe, kile cha CRP, protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na uvimbe huo, kimefanyika? Swali hilo moja hubadilisha jinsi namba inavyosomwa.

Kipimo cha tatu ni cha kimeng'enya cha G6PD, hasa kama ukoo wenu una watu waliowahi kugeuka manjano macho na ngozi ghafla baada ya kutumia dawa fulani au kula maharage ya fava. Kimeng'enya hiki ndicho kinachoiwezesha glutathioni kubaki hai ndani ya chembe nyekundu. Mwenye upungufu wake akipewa vitamini C ya dozi kubwa, hasa kwa njia ya mshipa, chembe zinaweza kupasuka kwa wingi. Yaani kile kinachosifiwa kuwa mlinzi kinageuka mshambuliaji. Vitamini C ya kwenye chungwa haina tatizo hilo. Ni dozi kubwa za kutengenezwa ndizo zenye hatari.

Hatua ya 2: Jua unapoteza kiasi gani

Mililita moja ya damu yenye hemoglobini ya kawaida hubeba karibu nusu miligramu ya chuma. Hedhi inayozidi mililita 80 kwa mzunguko imekuwa ikihesabiwa kuwa nzito, na mililita 80 ni miligramu 40 za chuma zilizotoka. Kwa siku za kawaida mwili hufyonza kutoka kwenye chakula miligramu 1 hadi 2 tu. Piga hesabu uone jinsi mwanamke mwenye hedhi nzito anavyokimbizana na deni lisiloisha.

Weka daftari kwa mizunguko miwili: umebadilisha pedi mara ngapi, kulikuwa na mabonge, hedhi ilichukua siku ngapi. Si kila mwenye endometriosisi hutoka damu nyingi, na ikiwa inatoka nyingi mno huenda kuna adenomiosisi pia, ambapo tishu hizo zimejipenyeza ndani ya msuli wa mfuko wa uzazi. Daktari akiona daftari ataelewa haraka kuliko ukimwambia "ni nyingi".

Hatua ya 3: Panga sahani kwa kazi, si kwa sifa

Acha kufikiria "chakula cha ajabu" kimoja. Fikiria kazi tatu zinazotakiwa kufanyika kila siku.

Kazi ya kwanza ni kulinda utando wa chembe, na hiyo ni ya vitamini E. Mtu mzima anahitaji miligramu 15 kwa siku. Kiganja cha mbegu za alizeti, kama gramu 28, kinatoa karibu miligramu 7. Lozi za uzito huohuo zinakaribia hapo. Ongeza mafuta ya alizeti kijiko kimoja na parachichi, na umefika bila kidonge. Kwa maoni yangu hiki ndicho kirutubisho kinachosahaulika kuliko vyote, pengine kwa sababu hakina rangi ya kuvutia.

Kazi ya pili ni kuirudishia vitamini E nguvu zake, na hiyo ni ya vitamini C. Mwanamke anahitaji miligramu 75 kwa siku. Chungwa moja la wastani linakaribia kiwango hicho. Pera moja linakipita kwa mbali. Nusu kikombe cha pilipili hoho nyekundu mbichi hutosha peke yake. Hapa kuna ushahidi unaostahili kutajwa. Katika utafiti mkubwa wa wauguzi wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2018, wanawake waliokula matunda jamii ya machungwa angalau mara moja kwa siku walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 22 wa kugundulika na endometriosisi kuliko waliokula chini ya mara moja kwa wiki. Utafiti wa namna hiyo huonyesha mambo mawili yakitembea pamoja, hauthibitishi kwamba moja limesababisha jingine, lakini mwelekeo wake unaeleweka.

Utafiti huohuo ulikuta jambo ambalo watu hawapendi kulisikia: waliokula mboga jamii ya kabichi, brokoli na koliflawa kila siku walikuwa na uwezekano uliozidi kwa asilimia 13. Huenda sababu ni kwamba mboga hizo hujaza gesi, na mwenye maumivu ya tumbo huenda hospitali mapema na kugunduliwa. Usiziogope. Ila kama kila ukila brokoli tumbo linavimba na maumivu yanaamka, huna sababu ya kujilazimisha eti kwa kuwa imeandikwa kwenye orodha ya vyakula bora. Kula mboga nyingine.

Kazi ya tatu ni ya rangi: karotenoidi za karoti, nyanya na majani ya kijani, pamoja na polifenoli za komamanga, zabibu nyeusi, vitunguu vyekundu na chai. Hizi ndizo zinazopigiwa debe kuliko zote, na nyingi zimeonyesha kazi nzuri kwenye seli za maabara na kwa panya. Kwa binadamu, ushahidi ni mwembamba zaidi. Zipate kwa sababu ziko kwenye matunda na mboga unazopaswa kula hata hivyo.

Zaidi ya kazi hizo tatu, weka chanzo cha chuma kila siku: maharage, dengu, mbegu za maboga, majani ya kijani. Wengi huuliza, kama chuma ndicho kinachochochea uharibifu nyongani, si bora kukiepuka? Hapana. Chuma cha nyongani kimeletwa na damu iliyovuja na kupasuka pale. Kulala na njaa ya chuma hakukiondoi, kunaipunguza tu hemoglobini yako. Tofauti ipo kwenye nyama nyekundu: wauguzi haohao waliokula zaidi ya sehemu mbili kwa siku walikuwa na uwezekano uliozidi kwa asilimia 56 wa kupata endometriosisi wakilinganishwa na waliokula sehemu moja kwa wiki au pungufu. Kupunguza nyama nyekundu ni busara. Kupunguza bila kuziba pengo la chuma ni kosa.

Hatua ya 4: Heshimu saa

Fanya jaribio hili mara moja tu na hutalisahau. Chukua kidonge cha chuma, kisage, kinyunyize kwenye kikombe cha chai ya rangi iliyokolea. Chai inageuka nyeusi tii kama wino. Kwa kweli ni wino: kwa karne nyingi watu waliandika kwa wino uliotengenezwa kwa chumvi ya chuma na tanini za mimea. Kilichotokea kikombeni hutokea tumboni. Polifenoli za chai zinakikamata chuma, kinakuwa kitu ambacho utumbo hauwezi kukifyonza, na kinapita moja kwa moja.

Chai nyeusi ikinywewa pamoja na mlo inaweza kupunguza ufyonzaji wa chuma cha mimea kwa zaidi ya nusu. Kahawa na kakao zina tabia hiyohiyo, na chai ya kijani inayosifiwa kuwa mlinzi wa wanawake wenye endometriosisi imo pia kwenye kundi. Dawa yake ni ndogo: iache chai ikae mbali na mlo wenye chuma, angalau saa moja kabla au baada. Hapo unapata polifenoli zako na chuma chako.

Vitamini C hufanya kinyume cha chai. Ikiwa kwenye mlo uleule, hukibadilisha chuma cha mimea kuwa umbo linalofyonzwa kirahisi, na ufyonzaji unaweza kuongezeka mara kadhaa. Kamulia limau kwenye dengu, weka pilipili hoho mbichi juu ya maharage, kula pera papo hapo mezani. Limau la saa kumi jioni halisaidii maharage ya mchana. Maziwa na vidonge vya kalisi navyo vinashindana na chuma, kwa hiyo vipe muda wake.

Hatua ya 5: Jikoni

Vitamini C huyeyuka majini na huharibika kwa moto. Ukichemsha mboga muda mrefu kisha ukamwaga maji, umemwaga sehemu kubwa ya ulichokinunua. Pika kwa mvuke au kwa maji kidogo, muda mfupi, na kila siku kula angalau kitu kimoja kibichi. Karotenoidi zinataka kinyume: nyanya iliyopikwa na mafuta kidogo hutoa likopeni, ile rangi yake nyekundu, kirahisi kuliko nyanya mbichi, na karoti bila mafuta hupita karibu bure. Matunda yakate karibu na wakati wa kula.

Hatua ya 6: Vidonge vije mwisho, tena kwa ruhusa

Ushahidi wa vitamini upo, na sitauficha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwahusisha wanawake 59 wenye maumivu ya nyonga. Waliopewa vitamini E na C kwa wiki 8, asilimia 43 kati yao walipungukiwa na maumivu ya kila siku. Ni wachache, ni muda mfupi, na dozi ya vitamini E ilikuwa uniti 1,200, kubwa sana kujiandikia mwenyewe. Vitamini E nyingi hupunguza uwezo wa damu kuganda. Kwa mtu anayetoka damu nyingi, au anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, hiyo ni hatari ya wazi. Ukipangiwa upasuaji, mwambie daktari kila kidonge na kila mmea unaotumia, wiki kadhaa kabla.

Kwa upande wa chakula, utafiti wa Mexico wa mwaka 2009 uliwapa wanawake wenye endometriosisi mlo wenye vitamini A, C na E kwa wingi kwa miezi 4. Kiwango cha vitamini kwenye damu, zikiwemo chembe nyeupe, kilipanda, na alama za mafuta yaliyoharibiwa na radikali huru zikashuka. Haya ndiyo matokeo ninayoyaamini kuliko mengine kwa lengo letu, kwa sababu yalipimwa kwenye damu yenyewe, na njia ilikuwa sahani.

Mengine niyapitie haraka. Resveratroli, ile ya maganda ya zabibu, ilijaribiwa Brazili kwa wanawake 44 waliokuwa wakitumia vidonge vya uzazi wa mpango. Miligramu 40 kwa siku 42 hazikuzidi kidonge kisicho na dawa katika kupunguza maumivu. Kurkumini ya manjano hufyonzwa kidogo sana, nayo hukamata chuma, hivyo manjano ya kwenye mchuzi ni sawa lakini vidonge vyake vikali si vya mwenye upungufu wa damu. Vidonge vya chai ya kijani iliyokolezwa vimewahi kuumiza ini. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2018 ilionya kuhusu dozi za miligramu 800 kwa siku na zaidi za EGCG, polifenoli kuu ya chai hiyo. Beta-karotini ya vidonge kwa mvutaji sigara iliongeza saratani ya mapafu katika utafiti wa Finland wa mwaka 1994. Na balungi, ingawa ni tunda zuri lenye vitamini C, huzuia vimeng'enya vya utumbo kuvunja baadhi ya dawa, ikiwemo dienojesti inayotumika kutibu endometriosisi. Muulize mfamasia kabla hujalifanya la kila asubuhi.

Kidonge cha chuma ni habari nyingine. Kama vipimo vimeonyesha upungufu, hicho ni tiba, na chakula peke yake mara nyingi hakitalipa deni. Muulize daktari kama unaweza kukimeza siku moja ukiruka moja: baada ya dozi mwili hutoa hepsidini, homoni inayofunga mlango wa chuma kwa takriban siku nzima, na kwa wengine kuruka siku huongeza kinachofyonzwa na kupunguza kichefuchefu.

Usisubiri chakula kifanye kazi ikiwa

Unaloanisha pedi nzima kila saa kwa saa mbili mfululizo au zaidi. Unazimia, kifua kinauma au moyo unakwenda mbio ukiwa umekaa. Mkojo umekuwa mweusi kama kahawa na macho yana manjano. Maumivu makali ya ghafla yamekuja na homa. Au kuna uwezekano wa ujauzito na maumivu ni ya upande mmoja. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya 7: Ipe muda wa chembe moja, kisha pima tena

Wanawake wa utafiti wa Mexico hawakuona mabadiliko yote mwezi wa kwanza. Vitamini zilipanda kwanza, na dalili za uharibifu zikashuka baadaye. Chembe nyekundu zilizoko mwilini mwako leo zilitengenezwa kwa malighafi ya miezi iliyopita, na itachukua kama siku 120 kuzibadilisha zote. Kwa hiyo weka miadi ya kupima tena baada ya miezi minne, kwa vipimo vilevile: picha kamili ya damu, feritini na CRP. Kama unatumia kidonge cha chuma, daktari atataka kuangalia hemoglobini mapema zaidi, pengine ndani ya mwezi.

Nenda siku ambayo huna mafua wala homa, maana feritini itapanda na kukudanganya. Beba daftari la hedhi, majibu ya mwanzo, na makopo ya kila unachomeza, makopo yenyewe na si majina uliyoyakariri, ili daktari asome dozi kwa macho yake.